Hongera, Mafundi wa Bodi wa Eastlands

Milango ya gari kuukuu ikianza kugongagonga kwenye matuta ya Kayole, Nairobi, wengi hudhani gari limefika mwisho. Fundi wa bodi pale Kariobangi Light Industries hadhani hivyo. Hufungua mlango nusu, akaushika kwa chini na kuuinua. Ukicheza, pini na bushi za bawaba zimelika. Usipocheza, hukagua raba iliyokauka, kioo kinachotikisika ndani ya reli yake, au kitasa kilicholegea. Kama ni kitasa, hulegeza kile chuma cha kwenye nguzo kinachokishika, akakisogeza ndani kidogo tu, akakaza. Kisha hufunga mlango na kutega sikio: sauti moja, fupi, nzito. Kimya.

Ujuzi huu wengi wameupata kwa kumshikia spana fundi mkubwa, juani, miaka na mikaka. Serikali ya Kenya iliipa sekta hii ya mafundi wa juani, jua kali, waraka wake wa sera mwaka 1992. Mitaa yetu ilikuwa imeitambua zamani. Hongereni, mafundi. Nasi wateja tuwalipe tulivyopatana, siku ile ile, bila kuwazungusha.