Muhuri si Stempu

Katika mashauri ya madeni, neno moja likikosewa laweza kumpotezea mtu haki yake. Sheria ya Ushuru wa Stempu ya mwaka 1972 huikataza mahakama kupokea kuwa ushahidi hati ipasayo kutozwa ushuru huo ikiwa haijalipiwa. Wako wafasiri waiitao “hati isiyo na muhuri”. Mkopeshaji wa Kibakwe, wilayani Mpwapwa, akisoma hivyo ataipeleka karatasi yake ofisi ya kijiji igongwe muhuri, naye ataridhika. Kumbe muhuri huonyesha hati imepitia ofisi gani. Stempu huonyesha kwamba kodi imelipwa.

Kosa la pili ni kuiita hati hiyo “batili”. Kilicho batili hakina nguvu tangu mwanzo. Hati hii haipokelewi tu; ikilipiwa ushuru pamoja na adhabu yake, kwa kawaida hupokelewa. Deni lenyewe halifutiki.

Sheria iliyopitishwa mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hivyo yafaa tuandike “hati isiyolipiwa ushuru wa stempu”, na “isiyopokelewa” badala ya “batili”.