Tili, Paybill na Pochi: Kusoma Kibao cha Dukani

Madukani kando ya barabara ya Likoni–Lunga Lunga, pale Ramisi, kibao cha kijani cha Lipa na M-Pesa hutazamwa kwa haraka. Mteja anatafuta tarakimu tu. Lakini kibao kile ni matini, na umbo lake linaeleza mwenye duka amejiweka wapi mbele ya mteja wake.

Mafundi wa mitandao ya data ya ATM, si ile mashine ya benki, walilijua jambo hili zamani. Tundu la waya ni lile lile, ila fundi hulipangia aina: UNI likielekea kwa mteja, NNI likielekea kwa mtambo mwenzake. Kifurushi cha data hakiongezeki wala kupungua, ni baiti 53. Kinachosomwa tofauti ni kichwa chake. Biti 4 za mwanzo, ambazo upande wa mteja ni za kudhibiti mtiririko, kati ya mitambo huingizwa kwenye nambari ya njia, nayo ikatoka biti 8 ikawa 12. Aina ikikosewa, huku wameandika anwani, kule wanasoma amri.

Tuje kwa M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu iliyoanza Kenya mwaka 2007, ambako nako aina ya nambari ndiyo huamua kinachoulizwa. Tili, ya kulipia bidhaa dukani, huuliza nambari, kiasi na PIN, basi. Haina haja ya kujua unalipia nini kwa sababu kilo ya sukari umeishaishika. Ujumbe wa uthibitisho nao unasema umelipa. Paybill inaongeza swali moja, la akaunti, na papo hapo kitenzi kinageuka: sasa pesa zimetumwa kwa kampuni fulani, kwa akaunti fulani. Ukinunua tokeni za umeme kwa 888880, nafasi hiyo unaijaza nambari ya mita. Anayelipa anaweza kuwa Dubai na mita iko Ramisi. Taa zitawaka vilevile, kwa kuwa anayetambuliwa ni mita, si mlipaji. Kwangu mimi mstari huu wa akaunti ndio mzito kuliko yote katika fomu nzima, na ndio unaojazwa ovyo kuliko yote.

Pochi la Biashara ina werevu wake. Inatumia nambari ile ile ya simu ya muuzaji, lakini pesa za mahamri hazichanganyiki na zile alizotumiwa na mwanawe. Laini moja, mifuko miwili. Ada ya kutuma, ikiwepo, humwangukia mnunuzi, ilhali kwenye tili mnunuzi hatozwi.

Ninachokilalamikia ni kile kibao cha paybill ya benki, chenye nambari ndefu ya akaunti chini yake, kilichobandikwa dukani panapouzwa chumvi na kiberiti. Mteja kasimama juani, nyuma yake foleni, anaandika tarakimu za akaunti ambazo hazimhusu hata kidogo. Swali la akaunti liliwekwa ili kumtofautisha mwanafunzi huyu na yule, mita hii na ile. Hapa kila mteja anaandika jibu moja, la mwenye duka mwenyewe. Umbo limebebeshwa kazi isiyokuwa yake, na mwenye kuhangaika ni mnunuzi. Mwenye duka la rejareja, kiondoe kibao hicho uombe tili.