Pambo na Nakshi: Hoja ya Adolf Loos katika Mitaa ya Vienna

Atembeaye kwa miguu katika Vienna huanzia Ringstrasse, barabara iliyotokana na amri ya Kaizari Franz Joseph ya mwaka 1857 ya kuzibomoa kuta za mji. Huko bunge limevaa nguzo za Kiyunani, manispaa minara ya Kigothi, na chuo kikuu matao ya Kiitalia. Macho hufurahi, lakini baada ya kitambo mtu hujiuliza ni jengo lipi lisemalo kwa ulimi wake lenyewe.

Swali hilo Adolf Loos aliliuliza zamani. Mwaka 1898 aliwakejeli wajenzi wa mji huo kwa kubandika saruji iliyosubiwa, ipate kudhaniwa jiwe la kuchonga. Hapo alisema kweli. Lakini katika mhadhara wake wa mwaka 1910, ambao jina lake nalifasiri "Urembo na Uhalifu", alivuka mpaka. Alidai ya kwamba kadiri watu wastaarabikavyo ndivyo wauondoavyo urembo katika vyombo vya matumizi, na Wapapua, kwa michoro ya miilini mwao, akawaweka utotoni mwa wanadamu. Kwa ngazi hiyo, fundi aliyechonga mlango wa Lamu au wa Unguja yu chini ya mnunuzi yeyote wa suti isiyo na tarizi.

Kosa hili, naona, ni la msamiati kabla ya kuwa la falsafa. Neno lake moja la Kijerumani limebeba mambo mawili ambayo Kiswahili chaweza kuyatenga. Pambo huwekwa juu ya kitu, ndiyo maana kitenzi pamba kina kinyume chake, pambua. Nakshi ya mlango hukatwa katika ubao wenyewe. Kuitoa ni kuuharibu ubao. (Sisemi ya kwamba kila msemaji huuchunga mpaka huu.) Saruji ile ya kubandikwa ni pambo, tena pambo la uongo. Lakini nenda Linke Wienzeile, namba 40, ukaitazame nyumba ya Otto Wagner ya 1898–99: maua yametandaa ukutani pote, nayo yamechomwa tanuruni pamoja na vigae. Ataka kusema mtu kwamba vigae navyo vimebandikwa. Naam, lakini hivyo ndivyo ngozi ya ukuta, vyaukinga na mvua. Nani ataupambua ukuta huo?

Na Loos mwenyewe je? Jengo lake la Michaelerplatz, lililoelekea kasri ya Kaizari, watu walilicheka kuwa halina nyusi, hata akakubali kutia masanduku ya shaba ya maua madirishani. Chini, hata hivyo, amelivika marumaru ya kijani kutoka Uyunani, yenye mishipa iliyopindana kama mawimbi. Mchongaji hakuigusa, lakini jicho lapumzika hapo vilevile kama lipumzikavyo juu ya nakshi.

Tena katika mhadhara uo huo yumo fundi wake wa viatu. Loos angeweza kumlipa zaidi ili ashone viatu vitupu. Hakufanya hivyo, kwa kuwa, asema, angemnyang'anya furaha yake. Basi akavivaa vyenye urembo.