Pua ya Mkaguzi

Sisi tungemwita bwana afya. Katika London ya Malkia Victoria aliitwa mkaguzi wa kero, na kabla hajabisha hodi popote, kazi yake ilikuwa imeshaanzia mezani. Sheria ya 1855 iliyataka mabaraza ya parokia yaajiri daktari wa afya na wakaguzi, lakini wajumbe walichaguliwa na walipa kodi, na mkono waliubana. Daktari mara nyingi aliajiriwa kwa sehemu tu ya muda wake. Mkaguzi mmoja aliweza kuachiwa maelfu ya nyumba. Ilibidi parokia igawanywe mtaa kwa mtaa, kila mtu ajue mpaka wake. Daktari akisoma orodha ya vifo ya kila wiki na kuona kuhara kumerudi uchochoro fulani, uchochoro huo ulitangulia. Mwaka 1893 baraza la Kensington liliwaajiri hata wanawake wawili, Rose Squire na Lucy Deane, wakague karakana walimofanya kazi wanawake wenzao.

Ndani ya nyumba mkaguzi hana haraka. Anaanzia chumba cha chini, anapapasa ukuta kama una unyevu, anafunua tangi la maji, anahesabu vitanda na wanaovilalia.

Kisha mfereji wa maji machafu. Umefukiwa, hauonekani, basi sharti auulize kwa njia nyingine. Kuelekea mwisho wa karne ile walitumia mafuta ya mnanaa. Milango na madirisha hufungwa. Msaidizi hupanda juu ya paa, akamimina mafuta kidogo katika bomba la choo linalochomoza huko, akafuatisha maji ya moto, akaziba mdomo wa bomba. Chini, mkaguzi huinama kwenye nyufa za sakafu, chini ya sinki, nyuma ya kabati, akivuta pumzi polepole. Mnanaa ukinukia chumbani, bomba limepasuka au kiungo kimeachia. Kinachonipendeza zaidi ni hiki: aliyemimina haruhusiwi kuingia. Vidole vyake vimeshika harufu, na angeitia hatiani nyumba isiyo na kosa.

Kasoro ikipatikana, huandikwa daftarini: nyumba, kero, tarehe ya notisi kwa mwenye nyumba. Safu ya mwisho huachwa tupu. Wenye nyumba walijua kuahidi, na fundi wa bei rahisi alijua kupaka saruji juu ya ufa. Mkaguzi hurudi, akakuta bado, akarudi tena. Akichoshwa, hupeleka shauri kwa hakimu.

Siku fundi anaposema amemaliza, chupa ya mnanaa inabebwa upya. Mkaguzi anapiga magoti palepale, ananusa, anasubiri, ananusa tena. Hapati kitu. Ndipo anafungua daftari na kujaza tarehe, na mwenzake bado yuko nje, mbali na mlango.