Umri wa silikanti ulivyohesabiwa upya

Kasi ya ukuaji wa samaki wa baharini, umri anaoanza kuzaa na muda anaobeba mimba haviwezi kujulikana bila kwanza kujua umri wake. Kosa likiingia katika umri, huingia pia katika hesabu zote zinazoutegemea. Ndivyo ilivyokuwa kwa silikanti wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, Latimeria chalumnae. Tafiti mbili za awali zilionyesha kwamba haishi zaidi ya miaka 20 hivi. Mwaka 2021 watafiti watatu wa Ufaransa, Kélig Mahé, Bruno Ernande na Marc Herbin, walichapisha katika jarida la Current Biology hesabu mpya iliyoukadiria umri huo kuwa mara tano zaidi, yaani karibu miaka 100.

Silikanti alijulikana kwa wanasayansi kutokana na visukuku tu, na ilidhaniwa kuwa ukoo wake ulikwisha toweka zamani za dinosaria. Mwaka 1938 mmoja alivuliwa pwani ya Afrika Kusini, akatambuliwa na Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya East London. Wa pili alipatikana mwaka 1952 katika kisiwa cha Anjouan, Komoro. Samaki huyu hukaa kwenye miteremko ya miamba yenye kina kirefu, mchana hujificha mapangoni na usiku hutoka kuwinda. Kwa kuwa hufa upesi akitolewa kwenye kina chake, haiwezekani kumfuga ili kupima anavyokua mwaka hadi mwaka. Njia iliyobaki ni kusoma alama za ukuaji katika mwili wa samaki aliyekwisha vuliwa.

Alama hizo hupatikana katika sehemu ngumu za mwili: vijiwe vya sikio, pingili za uti wa mgongo na magamba. Gamba huongezeka ukubwa kadiri mwili unavyokua, na kwenye ukingo wake hujengeka mistari ya mviringo. Ukuaji ukipungua mistari hubanana, ukishika kasi huachana. Magamba yana faida moja kubwa kwa wanyama adimu: machache yanaweza kung'olewa bila kuuharibu mwili uliohifadhiwa. Yana pia udhaifu wake. Gamba lililoota upya baada ya jingine kung'oka halina kumbukumbu ya miaka ya mwanzo, hivyo ni lazima yachaguliwe yale ya asili.

Watafiti wa mwanzo walitumia magamba ya silikanti 12 na kuhesabu mistari minene inayoonekana kwa urahisi. Matokeo yao yalizua fumbo. Silikanti jike hufikia urefu wa karibu mita 2 na uzito wa karibu kilo 100. Kama hufika hapo ndani ya miaka isiyozidi 20, basi ni miongoni mwa samaki wanaokua kwa kasi kubwa baharini. Lakini maumbile yake hayalingani kabisa na kasi hiyo. Matamvua yake yana uwezo mdogo wa kufyonza oksijeni, mwili wake hutumia nguvu kidogo, na huzaa watoto wachache. Sifa hizo ni za samaki wa kina kirefu wanaokua polepole, kama baadhi ya papa. Ama fiziolojia yake ilikuwa imeeleweka vibaya, ama mistari haikuwa imehesabiwa yote.

Mahé na wenzake waliupima uwezekano wa pili. Walichukua magamba ya silikanti 27 waliohifadhiwa katika makumbusho, wakiwemo watoto ambao walikuwa hawajazaliwa. Badala ya kuyaangalia kwa mwanga wa kawaida wa hadubini peke yake, walitumia mwanga uliochujwa ili mawimbi yake yatetemeke katika mwelekeo mmoja. Mwanga wa namna hiyo hupita kwa njia tofauti katika tabaka zenye mpangilio tofauti wa nyuzi na madini, hivyo mistari isiyoonekana kwa mwanga wa kawaida hujitokeza. Kati ya mistari minene miwili waliona mistari myembamba sana, na kwa kila mnene mmoja ilikuwepo myembamba mitano. Mzee kuliko wote kati ya samaki hao alikuwa na mistari ya miaka 84.

Kuona mistari mingi zaidi, hata hivyo, si ushahidi kwamba kila mmoja ni mwaka. Sayansi ya umri wa samaki hudai uthibitisho wa hatua hiyo. Njia mojawapo inayotumika sana ni kupima nafasi iliyopo kati ya mstari wa mwisho na ukingo wa gamba, kisha kuilinganisha na mwezi ambao samaki alivuliwa. Kama mstari mmoja hujengeka kila mwaka, nafasi hiyo itapanuka mwezi hadi mwezi, kisha itaanza upya mara moja tu katika miezi 12. Ikianza upya mara mbili, mistari miwili ni mwaka mmoja, na umri uliohesabiwa hugawanywa kwa mbili. Uthibitisho uliofanywa kwa silikanti uliashiria kuwa mistari myembamba ni ya kila mwaka. Ile minene, ambayo hesabu za awali ziliitegemea, huja kila baada ya miaka mitano hivi.

Umri wa kila samaki ulipopatikana, ulioanishwa na urefu wake ili kuchora mkunjo wa ukuaji. Mlinganyo unaotumiwa zaidi kwa samaki ni ule wa Ludwig von Bertalanffy wa mwaka 1938, unaoeleza mnyama anayekua haraka utotoni, kisha taratibu zaidi kadiri anavyoukaribia urefu wake wa mwisho. Mkunjo wa silikanti uliopatikana una mwinuko mdogo sana. Kwa ukubwa wake, ni miongoni mwa samaki wa baharini wanaokua polepole zaidi, na hapo ukuaji wake ukapatana na fiziolojia yake.

Mkunjo huo ulifungua pia suala la uzazi. Kwamba silikanti hazai kwa kutaga kulithibitishwa mwaka 1975, wakati jike lililohifadhiwa katika American Museum of Natural History, New York, lilipopasuliwa na kukutwa na watoto watano tumboni. Mayai yake, makubwa kama chungwa, huanguliwa ndani ya mama, na mtoto hulishwa na kiini cha yai. Jike lililovuliwa Msumbiji mwaka 1991 lilikuwa na watoto 26, na jingine la Zanzibar, mwaka 2009, lilikuwa na 23. Uchunguzi wa vinasaba vya mimba hizo mbili, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba watoto wa kila jike walikuwa wa baba mmoja.

Muda wa mimba ulikadiriwa kwa njia mbili. Kwanza, mistari ya magamba ya watoto wawili waliokuwa tumboni ilihesabiwa, na kila mmoja alionekana kuwa na miaka mitano hivi. Pili, mkunjo wa ukuaji ulirudishwa nyuma kutoka urefu wa mtoto anapozaliwa, ambao ni zaidi kidogo ya sentimita 30, hadi mwanzo wa uhai wake. Njia zote mbili zilielekea kwenye miaka mitano, muda ambao huenda ni mrefu kuliko wa samaki mwingine yeyote. Kwa kulinganisha urefu wa samaki waliokomaa na mkunjo huohuo, umri wa kuanza kuzaa uliangukia kati ya miaka 40 na 69.

Matokeo haya yanagusa moja kwa moja pwani ya Tanzania, ambako silikanti wengi wamenaswa tangu mwaka 2003 katika nyavu za jarife zinazotegwa kwenye kina kirefu kwa ajili ya papa. Kutokana na vifo hivyo, Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilianzishwa mwaka 2009. Kwa hesabu ya zamani, samaki aliyenaswa angefidiwa na kizazi kipya baada ya miaka michache. Kwa hesabu mpya, jike la miaka 40 linalokufa jarifeni huenda halijazaa hata mara moja, na litakalochukua nafasi yake litahitaji miongo kadhaa kukomaa, kisha miaka mitano ya mimba. Kwa hiyo hata vifo vichache kila mwaka vinaweza kuzidi uwezo wa samaki huyu wa kujazia.