"Kipaza Sauti" Kimoja, Vyombo Vitatu

Mtu atengenezaye muziki nyumbani kwa kompyuta huchagua programu za aina mbili, ambazo mfasiri asipoangalia huziita zote "ala pepe". Aina ya kwanza hutoa sauti yenyewe: hupokea amri za noti kwa utaratibu wa MIDI, uliochapishwa mwaka 1983, na kulia kama piano au ngoma. Aina ya pili, mfano AmpliTube na Guitar Rig, haina sauti yake. Hupokea sauti ya gitaa halisi na kuigeuza. Ainunuaye akidhani ni ala hatasikia kitu.

Kosa kubwa zaidi limo katika neno "kipaza sauti". Kwa mazoea yetu laweza kuwa maikrofoni, spika, hata kikuza sauti. Katika programu ya aina ya pili vyote vitatu vimo, na kila kimoja huchaguliwa peke yake: kikuza sauti huleta mkwaruzo, spika hupunguza sauti nyembamba za juu, na maikrofoni ikisogezwa pembeni mwa spika ukali hupungua. Aandikaye "chagua kipaza sauti" amemwelekeza msomaji wapi?

Twapendekeza basi: "ala ya programu" kwa aina ya kwanza, "kiigizi cha kikuza sauti" kwa ya pili, na ndani yake kikuza sauti, spika na maikrofoni. Mawili ya mwisho ni ya mkopo, lakini neno la mkopo lenye maana moja lafaa kuliko la asili lenye maana tatu.