Zilipendwa Zilivyosikika Buhaya: Santuri Ndogo na Maneno ya Utotoni

Neno zilipendwa lastahili kuangaliwa kabla ya kuziangalia nyimbo zenyewe. Kwa sarufi si nomino; ni sentensi kamili, yenye kiambishi cha ngeli, cha wakati uliopita, na kauli ya kutendwa. Kanuni ingedai zilizopendwa, kwa kirejeshi, maana lisemwalo ni nyimbo za namna fulani. Lakini wasemaji wa Tanzania waliitwaa sentensi nzima wakaifanya jina, na jina hilo latamka jambo ambalo hakuna alitumiaye huliamini: kwamba mapenzi hayo yalikwisha. Mzee asemaye kuwa anapenda zilipendwa hasikii ukinzani wowote katika maneno yake.

Pamoja na jina hilo huenda hukumu moja ambayo imekuwa kama sala. Husemwa kwamba nyimbo za zamani zilikuwa na maneno yenye maana, zilifunza, zilionya, zilituliza. Na kwamba za siku hizi ni kelele tupu. Hukumu hii haina budi kupimwa, na mahali pazuri pa kuipimia ni pale ambapo Kiswahili hakikuwa lugha ya mama. Waliokuwa watoto Buhaya katika miaka ya 1960 na 1970, kuanzia Buhembe mjini Bukoba hadi Kamachumu na Muleba, huzikumbuka nyimbo hizo kwa upendo usiopungua ule wa watu wa Dar es Salaam au Morogoro. Je, walikuwa wakizielewa? Aghalabu hawakuzielewa, na jambo hilo halikupunguza upendo wao hata chembe. Basi sifa ya mafunzo haiwezi kuwa ndiyo sababu ya upendo huo.

Bukoba iko karibu zaidi na Kampala kuliko Dar es Salaam, na ziwa laiunganisha na Mwanza, Kisumu na Port Bell. Santuri zilifuata njia zile zile zilizofuatwa na kahawa, vitenge na baiskeli. Santuri ndogo ya inchi 7, ya mizunguko 45 kwa dakika, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1949, ilikuwa nyepesi na haikuvunjika upesi kama zile nzito za mizunguko 78. Iliweza kusafiri ndani ya sanduku la nguo. Katika nyumba yenye gramafoni pangeweza kukutana Kiswahili cha Nairobi na Morogoro, Kiganda cha Kampala, Kilingala cha Kongo, na Kiingereza. Kwa mtoto wa Kihaya, katika lugha hizo nne Kiganda ndicho kilichokuwa jirani wa karibu. Kilingala kilikuwa sauti tamu tu. Kiswahili kilisimama katikati: maneno yake mengi yalifanana na ya nyumbani, lakini hayakuwa ya nyumbani, na kufanana huku ndiko kulikozaa usikivu wa ajabu.

Uchukuliwe wimbo ujulikanao kuliko wote, Malaika, aliouimba Fadhili William wa Kenya na kuutia santurini mwanzoni mwa miaka ya 1960. (Ugomvi wa nani hasa aliutunga, yeye au Adam Salim, haukupata kumalizika, wala makala haya hayataumaliza.) Yasemwayo mle ni machache mno: kijana ampenda msichana, angemwoa, hana mali. Sarufi yake yote imetundikwa juu ya kiambishi -nge-, ambacho walimu wa shule hukifikia baada ya miaka kadhaa ya kufundisha. Mtoto alikiimba kabla hajakifundishwa. Tena jina lenyewe la wimbo alikwisha kulisikia kanisani au msikitini, na hakuwa na sababu ya kudhani kwamba kiumbe huyo wa mbinguni aweza kuwa binti wa jirani anayesubiri kutolewa mahari. Kisha yuko kidege. Katika Kiswahili sanifu ki- ndicho kiambishi cha udogo, lakini katika Kihaya udogo hubebwa na ka-, na ki- ina kazi nyingine. Mapenzi yote ya mwimbaji yamekaa ndani ya silabi hiyo moja, na silabi hiyo moja ndiyo iliyompita mtoto pembeni.

Liko jambo la ndani zaidi. Nomino ya Kihaya kwa kawaida huanza kwa irabu: omu-, aba-, eki-, ama-, na kadhalika. Nomino ya Kiswahili haina irabu hiyo. Sasa waimbaji wa dansi wana desturi ya kuivuta silabi ya mwisho ya neno, ingawa mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Irabu iliyovutwa namna hiyo husikika kama imening'inia, haina mwenyewe. Na sikio lililozoea Kihaya laweza kuitwaa kuwa mwanzo wa nomino inayofuata. Mipaka ya maneno husogea, na pale mpaka unaposogea huzaliwa neno jipya ambalo halimo katika kamusi yoyote. Mwanaisimu asiyapuuze maneno hayo. Si makosa ya mtoto asiye na akili. Ni uchambuzi wa sarufi uliofanywa kwa haki na mtu aliyekuwa na sarufi nyingine.

Zaidi ya hayo Kihaya ni lugha ya toni, na Kiswahili sicho. Mwimbaji wa Kihaya hana uhuru wote wa kupandisha na kushusha sauti apendavyo, kwa kuwa toni imo katika maana ya neno. Katika santuri ya Kiswahili sauti ilipanda na kushuka bila kugusa maana. Huenda hapo ndipo penye siri ya utamu wake kwa masikio hayo: lugha iliyofanana na ya nyumbani ilikuwa imefunguliwa kamba.

Wahakiki wa ushairi wa Kiswahili hawakuzitendea haki nyimbo hizi. Sheria za Kutunga Mashairi ya Amri Abedi, iliyotoka mwaka 1954, ilishika kwamba shairi lisiloimbika si shairi, lakini iliimba kwa vina na mizani. Na ulipozuka ugomvi mkubwa wa miaka ya 1970, baada ya Kichomi ya Kezilahabi mwaka 1974, pande zote mbili zilibishana juu ya maandishi, hali mamia ya tungo zisizo na urari wa vina zilikuwa zikiimbwa kila siku redioni na hakuna aliyeziita mashairi wala aliyezikataa kuwa mashairi. Zilikuwa dansi, basi. Lakini beti moja ya tarbia ina mishororo minne ya mizani 16, yaani silabi 64, na upande mmoja wa santuri ndogo kwa kawaida hauzidi dakika tatu au nne. Ukiondoa gitaa la mwanzo, na tarumbeta, na kiitikio kirudiwacho, mtunzi alibakiwa na nafasi ya maneno machache kuliko mshairi wa gazetini. Alifanya nini? Alichagua neno moja au mawili akayarudia mpaka yakawa mazito. Mahali pa kina cha mwisho aliweka ile irabu iliyovutwa, nayo ilifanya kazi ya kina: ilimwambia msikilizaji kwamba mstari umekwisha. Hiyo ni kanuni, ingawa hakuna aliyeiandika.

Basi wanaosema kwamba zilipendwa zilijaa maneno ya hekima wamedanganywa na marudio. Hazikujaa maneno; zilikuwa na maneno haba, na uhaba huo ulilazimishwa na chombo. Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe aliyefariki mwaka 1979, au za Salum Abdallah wa Cuban Marimba aliyefariki mwaka 1965, zafaa kusifiwa kwa ustadi wa kuupanga uhaba huo, si kwa kuzigeuza hotuba. Tena nyimbo nyingi za dansi zilikatwa katikati: maneno upande wa kwanza, na upande wa pili chemko, ambapo gitaa huenda mbio na waimbaji hubaki na vilio na majina. Aliyekuwa mtoto akikumbuka alivyosubiri santuri igeuzwe, anakumbuka upande usio na mafunzo.

Chombo hicho kilichowapendelea watu wa dansi kiliwanyima wengine. Enanga ya Wahaya, zeze la kigogo kilichochongwa mfano wa chano, huambatana na tendi za mashujaa ambazo zaweza kuchukua muda mrefu usiku, kama alivyoonyesha M. M. Mulokozi katika tasnifu yake ya mwaka 1986. Hugh Tracey alipita Bukoba na mitambo yake mwanzoni mwa miaka ya 1950 akarekodi enanga, lakini utendi hauingii katika dakika tatu ila kwa kukatwa mkono na mguu. Kwa hiyo kumbukumbu za santuri Buhaya kwa sehemu kubwa ni kumbukumbu za lugha za watu wengine. Mtoto alilala akisikia enanga ya jirani na kuamka akiimba Morogoro. Leo akiulizwa nyimbo za utotoni hutaja Morogoro, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na sura, na jina la kuchapwa, na tundu katikati.

Mpaka wa wakati wenyewe nao watiliwa shaka. Wengi husema muziki uliharibika kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Na Nairobi ndiko zilikokuwa zikichapwa santuri nyingi za bendi za Tanzania. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na njia ya Kampala ikawa njia ya vita. Bendi hazikunyamaza, Radio Tanzania iliendelea kuzirekodi katika kanda. Kilichokoma ni santuri kufika dukani. Hukumu ya kwamba sanaa ilishuka yaelekea kuwa kumbukumbu ya forodha.

Yapo madaftari na vitabu ambamo maneno ya zilipendwa yamenakiliwa, na wanakilishaji hujitahidi kuyasafisha yawe Kiswahili sanifu. Kwa mwenye kutaka kuimba harusini, vema. Kwa taaluma ni hasara, maana neno lililosafishwa halina habari yoyote ya nani alisikia nini. Wale waliosikia wakiwa na miaka saba mwaka 1965 wamekwisha kupita 65. Wangeombwa waimbe kama walivyoimba wakati ule, bila kusahihishwa, na yaandikwe yote, hata yasiyo na maana, pamoja na toni waliyoyapa.

Mfano wa kinyume upo na ni wa karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Saida Karoli wa Bukoba aliimba Kihaya katika kanda, na nchi nzima ikamwitikia. Watoto wa Tanga na Mtwara walimeza irabu za mwanzo za nomino, wakakata maneno pasipokatwa, wakaimba kwa furaha kuu. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliutwaa wimbo huo wakaufanya Salome, kwa Kiswahili, na kwa mashabiki wengi wa pwani hiyo ndiyo mara ya kwanza walipojua mahali neno moja linapokwisha na jingine linapoanza.